Damu Iliyokwepa Mapafu

Wauguzi wenzake walimwita Mama Polepole, maana katika wodi ya watoto wachanga hakuwahi kukimbia. "Ukikimbia," alizoea kusema, "mama wa mtoto roho inamtoka kabla hujafika." Siku binti yake alipojifungua, alikimbia.

Mjukuu alizaliwa amelegea, hakulia. Daktari alimbana barakoa usoni, akampulizia hewa mpaka kifua kikainuka. Lakini midomo ilibaki ya zambarau. Bibi alifunga kipimo cha oksijeni kwenye mkono wa kulia, kisha mguuni. Mkononi kulikuwa na nafuu. Mguuni oksijeni ilikuwa chini sana. Akamwonyesha daktari namba zote mbili.

Mkwewe alikuwa mlangoni, vifungo vya shati vimekwenda kombo.

"Mama, si anapewa oksijeni? Mbona rangi hairudi?"

Akamketisha kwenye benchi la korido. "Mwanangu, mtoto akiwa tumboni hatumii mapafu. Mishipa ya mapafu imebana, damu inapita njia ya mkato karibu na moyo. Akizaliwa akavuta pumzi, oksijeni inaifungua mishipa ile, na njia ya mkato inajifunga. Huyu wetu alikosa hewa wakati wa kuzaliwa. Mishipa imekaza, damu inayakwepa mapafu, inarudi mwilini mikono mitupu. Na oksijeni ikipungua, mishipa inazidi kukaza."

"Basi waongeze."

"Imefunguliwa mpaka mwisho."

Mkwe akainamia viatu vyake. "Nikamwambie nini mwenzangu?"

"Usimwambie kitu. Nitamwambia mimi niliyemzaa."

Mashine ya kumsaidia mtoto wa namna ile ilikuwa hospitali ya mji mwingine. Gari la wagonjwa la kumpeleka huko lilipofika, daktari alikuwa akibonyeza kifua kile kidogo kwa vidole, jasho likimtiririka, na moyo haukuitika. Bibi ndiye aliyemgusa bega.

"Inatosha, daktari. Mwache apumzike."

Binti yake alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Mama, watoto wa wenzangu umewaokoa wangapi?"

Mama alipanda kitandani na viatu vyake, akamkumbatia.

Baada ya mazishi alirudi kazini. Siku hizi binti humpigia simu, wakaongea habari za majirani, za mvua, za kila kitu ila hilo. Na mtoto akilia chumba cha kujifungulia, ndugu wakaanza kucheka kwa furaha, yeye huenda kwenye sinki la pembeni, akafungua bomba, akanawa mikono ambayo tayari ni safi.