Kipulizio Kilichodhaniwa Redio

Niliporudi Musoma na stashahada ya muziki, wenzangu waliotoka nje ya nchi walishusha redio kaseti. Mimi nilishusha kipulizio cha tarumbeta, kile kikombe kidogo cha shaba kinachokaa mdomoni. Walicheka. Lakini changu kilichongwa kwa mkono na fundi aliyekuwa akikataa wateja, na sijasikia mtu mwingine wa Mara aliyewahi kukubaliwa naye.

Fundi yule alinipa vitatu nijaribu, nikipuliza noti moja ndefu kuelekea ukutani. Cha kwanza kilikuwa na kikombe kifupi, sauti ikatoka kali kama kisu. Cha pili hakikuwa na ubaya wala uzuri. Cha tatu kilikuwa na kikombe kirefu na ukingo mnene, na nilipopuliza, sauti ilitoka nene, laini, haina mkwaruzo hata mmoja. Fundi akaacha kazi yake akasikiliza. Nikajua nimepata.

Bendi yetu ya mtaa wa Mwisenge ilikuwa na kipulizio kimoja cha maana, na kilikuwa cha binamu yangu. Kilipasuka miaka ile ya foleni za sabuni, akakipeleka Bunda kwa mtu aliyekuwa akiziba sufuria. Tangu hapo kilitoa sauti ya mbuzi aliyekanyagwa.

"Hiki kimetoa mabibi harusi ndani kuanzia Bunda mpaka Buhare," alikuwa akijisifu. "Hicho chako kimemtoa nani, msomi?"

Swali lake lilikuwa na uzito. Kwenye harusi zetu, bibi harusi hatolewi ndani mpaka tarumbeta la upande wa bwana harusi liite getini, na anayeita ndiye mpigaji mkuu wa bendi. Nafasi hiyo binamu aliishika miaka yote niliyokuwa nje. Sasa mdogo wangu alikuwa anaoa Butiama, na mimi nikasema nitaita mwenyewe. Mzee wa bendi, mwamuzi wa mambo yetu yote, akakubali kwa sharti: mlango usipofunguka, nafasi inabaki kwa binamu moja kwa moja.

Siku ya harusi tukashuka kwenye gari nje ya boma la wakwe. Nilipiga vizuri kuliko nilivyowahi kupiga. Mlango haukufunguka.

Nikarudia. Wapi! Bwana harusi akaanza kujipangusa jasho kwa tai.

Dirisha likafunguliwa, shangazi wa bibi harusi akatoa kichwa. "Nyie watu wa Musoma, mbona mmetuletea redio?"

"Shikamoo shangazi. Ni mimi napiga."

"Marahaba. Zima hiyo kaseti, mwanangu, tarumbeta gani lina sauti laini hivyo? Sisi tunafunguliaga tarumbeta. Hatufunguliagi redio."

"Shangazi, hakuna kaseti. Tazama mashavu yangu."

"Hata mjukuu wangu anajua kuvimbisha mashavu." Dirisha likafungwa.

Binamu alikuwa ameegemea gari, anacheka mpaka anashika mbavu. "Umesoma mpaka umepitiliza," alisema. "Sogea, nimtoe shemeji."

Nilimtazama mdogo wangu, kisha tarumbeta langu. Nikachomoa kipulizio changu, nikakitia mfukoni, nikamnyooshea binamu mkono.

"Nipe chako."

"Hiki? Chenye kiraka cha sufuria?"

"Hicho hicho. Sharti ni nani anaita, halikutaja kipulizio."

Mzee wa bendi akatikisa kichwa kukubali. Binamu akakitoa polepole, kama anayeng'olewa jino. Kilikuwa na ladha ya risasi ya kile kiraka, na ya ugoro. Nilikaza midomo, nikapuliza. Mbuzi akalia. Kuku wa boma wakatawanyika, na ndani vikapigwa vigelegele hata kabla sijamaliza pumzi. Mlango ukafunguka.

"Ni kipulizio changu kilichofungua," binamu alinikumbusha, akikifuta kwa shati lake.

"Na pumzi ya nani?"

Tulibishana mpaka sahani zikafika. Mzee wa bendi, aliyetaka kula, aliamua: getini nitaita mimi, kwa kipulizio cha binamu, na binamu atasimama kando yangu kukilinda. Ndivyo tulivyofanya miaka yote iliyofuata, na nafasi ile sijaipoteza.

Siku ile tulikuwa bado tunakula nyama shangazi alipotokea mlangoni na kutupa macho mezani.

"Yule kijana wa redio yuko wapi? Aje huku ndani apige, tunataka kusikiliza."

Nikanawa mikono. Nikatoa changu mfukoni.