Draiva ya Marehemu Haikuwa na Mkwaruzo

Miaka kumi na tisa natengeneza fimbo za gofu. Sijawahi kuona kitu kama kile.

Draiva ya miaka minane. Haijagusa mpira hata mmoja.

Kwa msiojua, draiva ndiyo ile fimbo ndefu yenye kichwa kikubwa, ya kupigia mpira wa kwanza uende mbali. Haiendeshi gari wala haina leseni, lakini wenyewe wanaipenda kuliko gari.

Kibanda changu kiko klabuni, nyuma ya vyumba vya kubadilishia nguo. Dirisha moja, feni moja inayozunguka kwa kubembelezwa. Wachezaji wenyewe siwaoni wakicheza, naona fimbo zao tu.

Siku hiyo nilikuwa hoi. Ule uchovu unaolala nao na kuamka nao. Miguu imevimba, mgongo unadai haki yake.

Akaingia mama mmoja mwenye nguo nyeusi, ameikumbatia fimbo kifuani.

"Hodi, fundi."

"Karibu, mama."

"Hii ilikuwa ya mume wangu. Ana miezi mitatu tangu atutoke. Nataka unipunguzie, iwe ya kimo changu."

"Pole sana, mama. Kumbe unacheza?"

"Nicheze wapi! Ila miaka minane, kila Jumamosi, alikuwa ananiaga anakuja huku. Nataka nijue alikuwa anafuata nini."

Nikamsimamisha wima, mikono ining'inie. Nikampima kutoka kwenye kiganja mpaka sakafuni. Mama alikuwa mfupi, na ile fimbo ilikatwa kwa ajili ya pande la mtu.

Nikamweleza: mpini nitaukata inchi mbili, mshikio nitaweka mwembamba, na uso wa fimbo nitauinua kidogo ili mpira upae bila kutumia nguvu nyingi.

Kisha nikaigeuza nitazame uso.

Nikaisogeza kwenye mwanga wa dirisha.

Draiva inayotumika ina alama. Mpira unaacha madoa usoni, nyasi na mchanga vinachubua tumbo. Hata uitunze vipi, itakuchongea tu.

Hii ilikuwa inang'aa kama kioo. Na kibandiko cha dukani bado kiko shingoni.

Jamani.

Miaka minane ya Jumamosi, mwanamume alikuwa wapi?

Na wewe msomaji umeshapata jibu. Nami nilipata hilo hilo. Nikaona nyumba ya pili, mke mdogo, na watoto wenye sura ya marehemu.

"Vipi, fundi? Ina tatizo?"

"Hapana, mama. Marehemu alikuwa mtunzaji sana."

Nilidanganya huku namtazama usoni. Nani ana nguvu za kumzika mtu mara ya pili?

Aliporudi baada ya siku nne, kazi ilikuwa tayari. Hakuishika. Alisimama mbele ya ubao ninakotundika fimbo za wateja, akawa anazigusa moja moja.

"Fundi."

"Abee, mama."

"Hizi zote zimechubuka. Hata hii mpya. Ya mume wangu kwa nini haina hata alama?"

Nikaanza kufuta meza safi.

"Mwanangu, nimefiwa, sijapofuka. Sema."

Nikavuta kiti akae. Nikamwambia. "Mama, hii fimbo haijawahi kupigiwa mpira."

Akaitazama ile fimbo.

"Basi alikuwa na mtu," akasema. Sauti haikupanda. Ilikuwa sauti ya mtu aliyepanda ngazi nyingi akakuta mlango umefungwa.

Hilo mimi sikulijua. Ila kuna mmoja anayejua kila gari linaloingia pale: mlinzi wa getini, sote tunamwita Afande. Nikamwita.

Mama akamwonyesha picha kwenye simu. Afande akavua kofia.

"Huyu mzee? Wa gari jeupe? Nilisikia amefariki. Pole sana, mama."

"Alikuwa anakuja na nani?"

"Peke yake."

"Anakwenda wapi?"

Afande akanitazama mimi kwanza. "Haendi popote, mama. Anafika saa mbili asubuhi, anaegesha kwenye kivuli cha ukuta, anashusha kiti, analala."

"Analala?"

"Fofofo. Mpaka saa nane, namgongea kioo kama alivyoniomba. Siku moja nikamuuliza, mzee, nyumbani hakuna kitanda? Akacheka. Akasema, 'Afande, nikilala mchana nyumbani wataniuliza naumwa nini.'"

Mama aliziba mdomo kwa kiganja. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Kisha akalia.

"Tulikuwa watu tisa nyumbani," akasema. "Mama yake kitandani, wajukuu, wadogo zangu. Kazini alifanya zamu mbili. Na Jumapili namrundikia kazi mimi. Bomba, mlango, paa. Najisemea, huyu jana alikuwa kwenye starehe zake."

Akajifuta uso.

"Kila akirudi namuuliza kwa kejeli, 'Haya, umeshinda?' Anajibu, 'Nimeshinda, mke wangu.' Kumbe hakunidanganya. Alishinda kweli. Alishinda garini."

Afande akatoka taratibu.

"Angeniambia tu amechoka," mama akasema. "Ningemfungia mlango wa chumba mimi mwenyewe, nikakaa nje na ufagio. Asisogee mtu."

Aliondoka na fimbo yake begani. Sijui kama amewahi kuipigia mpira.

Mimi jioni ile nilipofika nyumbani nilimkuta mume wangu ameketi ngazini, viatu miguuni, anatazama ukuta. Siku zote husema, "Habari za kazi?" nami hujibu, "Nzuri," kila mtu anashika njia yake.

Safari hii niliketi pembeni yake.

"Nimechoka, baba watoto. Nimechoka kabisa."

Akanigeukia polepole.

"Nilidhani ni mimi peke yangu."

Tukakaa pale. Chakula kilichelewa, watoto wakanuna, na dunia haikuanguka.

Ndugu zangu, mtu wako wa nyumbani akikwambia yuko salama, muulize tena. Lile jibu la kwanza ni salamu tu.