Ng'ombe wa Ukutani

Jirani akimwagia maji majivu ya jiko, harufu ile hunikumbusha ukuta wa nyumba yetu.

Mama alikuwa amesikia kwamba watu wakihamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba nzuri hazibomolewi, basi akatuita watoto wake tuupambe ukuta. Tulichovya magunzi kwenye majivu na udongo mwekundu uliokorogwa, tukayaviringisha ukutani. Mdogo wangu alichora kwa pamba iliyofungwa kwenye kijiti.

“Mayu, tazama ng'ombe wangu!” alimwita mama.

“Mzuri, mwanangu. Mpe na mkia.”

Lori lilifika rangi ikiwa bado mbichi. Mgambo mmoja aliutazama ukuta kwa muda.

“Mama, mmepamba vizuri kweli,” alisema.

Kisha yeye na wenzake wakausukuma ukaanguka, wakatupakia kwenye lori kwa mikono yenye rangi yetu.