Ubeti wa Mbuyi

Magreth, aliyehamia Shelui kutoka Mungaa, alipiga manyanga katika bendi ya rumba na chacha ya watu wa kuja. Mbuyi wa Kongo alipiga gitaa, na mbuzi waliomsikia walizaa mapacha, bisha ukitaka. Bhargav, mtoto wa wenye maduka wa Singida mjini, alipiga kodiani. Kila mmoja aliimba ubeti wake kwa lugha ya kwao, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa wa mwenzake.

Mwaka huu Mbuyi akafariki, hana ndugu hapa. Bhargav akasema, "Dada, makaburini tupige wimbo wetu, ubeti wake tuuache wazi."

"Azikwe bila neno la kwao? Sikubali!"

Magreth akaenda walikoegesha malori, akiulizia mtu anayejua Kiluba, lugha ya Mbuyi.

"Mama, unatafuta mchumba?" dereva mmoja akamtania.

"Kwa kitambi hicho? Lala!"

Mzee mmoja wa Kongo akateremka kwenye lori lake, akamfuata hadi makaburini.

Wimbo hakuujua. Ubeti wa Mbuyi ulipofika, akainama kaburini, akamwita Mbuyi kwa Kiluba, akaongea naye taratibu kama wa nyumba moja. Ndipo Magreth akakubali wafukie.