Kadi ya Hoteli Kwenye Mlango wa Nyumbani

Saa kumi na mbili asubuhi, Jumanne. Mwanamke mmoja anafumbua macho na kutulia kwanza, akijiuliza leo yuko mji gani. Mkono unapapasa ukuta wa kushoto ukitafuta swichi, kumbe iko kulia. Basi hii ni hoteli nyingine. Pazia ni zito kama la juzi, shuka zina harufu ile ile, na magari ya nje yanasikika kwa mbali, kana kwamba yanapita chini ya maji.

"Naota niko nyumbani, naamka hotelini," anamwambia mwandishi wa makala haya huku akipiga pasi blauzi. "Siku nyingine inakuwa kinyume."

Ni mshauri wa biashara. Saa tatu atawaeleza wakurugenzi wa kiwanda cha saruji kwa nini malori yao yanashinda getini. Kwa wiki sita amesimama juani akipima muda wa kila lori, hadi madereva wakambatiza Bibi Saa.

Ameitumikia kampuni hiyo kubwa ya ushauri kwa miaka kumi na moja, na hamung'unyi maneno: imemtoa mbali. Imempitisha hospitalini, bandarini, benki na viwandani, kote huko akilipwa ili ajifunze. Mshahara wake ni mara nne ya ule wa mumewe, umesomesha wadogo zake wawili na kumjengea mama yake nyumba. Anayeisema vibaya, anasema, aje amuulize yeye.

Lakini jamani, kila chenye raha kina mlango wake wa kulipia, na hapa mlango ni Jumatatu. Huondoka Jumatatu, akarudi Alhamisi, ikibahatika. Mwaka jana alilala nje ya nyumba yake siku mia moja sitini na mbili. Aliyehesabu ni mumewe, mwalimu wa hesabu.

Kisha ikaja Jumamosi ile ya mwezi uliopita. Alifika nyumbani alfajiri, hoi, mkobani mkiwa na kadi ya hoteli iliyoandikwa "Tafadhali usisumbue", imechanganyika na makaratasi yake. Kwa mazoea tu, akaitundika kwenye kitasa cha chumba chake mwenyewe, akalala hadi saa tano.

Alipofungua mlango, binti yake wa miaka sita alikuwa ameketi sakafuni, kaegemea ukuta. Alikuwa hapo tangu saa mbili, amekataa kuondoka hata alipoitwa na baba yake.

"Nimeisoma mwenyewe, mama," alisema kwa fahari. "Sijakusumbua."

Mama mtu alitamani ardhi ipasuke immeze.

Wiki hiyo hiyo kampuni ikataka kumpandisha cheo awe kiongozi wa timu: mshahara mnono, safari maradufu. Jibu lilitakiwa kabla ya Ijumaa hii. Na kwenye kampuni ile, asiyepanda huonyeshwa njia ya kutokea, kwa tabasamu.

Ndani ya lifti anatoa simu na kutuma jibu. Anakataa cheo. Anaomba abaki ofisini kufundisha waajiriwa wapya, na wakikataa, atajitegemea. Hafichi kwamba anaogopa.

Mwandishi anamuuliza anatarajia nini sasa. Anarudisha simu mkobani.

"Nataka mwanangu anione kila siku," anasema, "mpaka anichoke."