Vaileth agoma kuwapigia taa wenzake: ‘Tochi iachwe ifanye kazi’

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu wa mlimani bado umelala juu ya migomba ya kijiji cha Kikwe. Vaileth Nanyaro anakaza kamba ya turubai juu ya mzigo wa ndizi, anapanda kwenye kenta na kuiwasha.

Akishaingia barabara kuu ya kwenda Arusha mjini, lori linalotoka huko linampigia taa mara mbili. Kila dereva anajua maana yake: mbele kuna tochi, ile kamera ya mwendo anayoshika askari wa usalama barabarani. Vaileth hashtuki. Alikuwa mwendo wa hamsini, anabaki hamsini.

Anaipita tochi. Mara linakuja basi dogo upande wa pili, linakimbia kama limefukuzwa, dereva akimtazama apewe ishara. Hapati kitu. Linafunga breki ghafla mbele ya askari.

“Hapo ananitukana huyo,” anasema Vaileth, akicheka. “Na atukane! Mdomo ni wake.”

Mama huyu wa watoto watatu, mwenye miaka 41, aliacha kupiga taa mwaka jana. Kisa ni mama yake, Magdalena, aliyegongwa na lori akivuka barabara hiyohiyo na kindoo chake cha maziwa. Alivunjika nyonga. Leo anatembelea gongo.

Dereva aliyemgonga alifika hospitali kuomba radhi. Maneno yake hayajamtoka Vaileth mpaka leo.

“Akaniambia, dada, wenzangu walininyooshea dole gumba, nikajua mbele kweupe, hakuna tochi, nikakanyaga mafuta. Yaani mama yangu alikuwa anavuka pale, halafu mtu anaambiwa kweupe! Nilitamani kumrukia.”

Tangu siku hiyo hapigi taa wala hanyooshi dole. Wenzake wa kijiwe cha kenta kilichopo Themi wanamwita msaliti. Wapo wanaosema anatumwa na trafiki.

Mwenyekiti wao, mzee Sifaeli Mbise, hana imani na kamera hiyo.

“Tochi inajificha kwenye migomba, mwanangu. Ingekuwa ya usalama si ingekaa peupe? Inakuvizia mteremkoni, umezidisha kidogo tu, umeliwa faini. Waweke matuta, wachore zebra. Watu watapona.”

Vaileth hambishii kwenye matuta. “Hata kesho wayaweke, nitabeba kifusi mwenyewe. Lakini tochi wanasema haisaidii, na wao ndio wanaoizima kwa taa zao. Mtu anapunguza mwendo mita mia tu, akishaipita anakimbia kuliko mwanzo. Sasa hapo mwenye kosa ni kamera?”

Ugomvi huo umefika pabaya. Kijiwe ndicho kinachopanga zamu za kupakia, na kina sheria yake: aliyewakosea wenzake analeta kreti ya soda, anaomba radhi, wanakunywa, yamekwisha. Asiyeleta hapewi zamu. Kenta si mali ya Vaileth, na tajiri wake ameshasema gari likikosa mzigo atampa dereva mwingine. Mwisho aliopewa ni leo.

Saa nne, akishashusha ndizi sokoni, anaegesha kijiweni. Wenzake wamekaa kwenye mabenchi. Anashusha kreti, watu wanapiga makofi.

“Shikamoo, mwenyekiti.”

“Marahaba, Mama Elieza. Afadhali umejirudi.”

Vaileth anarudi kwenye gari na kushusha kreti ya pili. Makofi yanakatika.

“Hii nayo ya nini?” anauliza mzee Sifaeli.

“Ile ya kwanza ni ya kosa mnalosema nimewakosea. Radhi nawaomba kwa kuwaudhi. Hii ni ya kesho, mzee, maana kesho sipigi taa tena. Sheria ni yenu, mimi nimeifuata.”

“Loo! Mwanamke ana kichwa kigumu huyu!” anapayuka dereva mmoja, Dismasi, huku ameshafungua chupa.

Wanabishana weee. Wengine wanataka afukuzwe, wengine wanauliza atafukuzwaje mtu aliyelipa kabla hajakosa. Mzee Sifaeli anakuna kidevu, anachukua soda, anakunywa nusu.

“Mpeni zamu yake,” anasema mwishowe. “Ila Mama Elieza, utatuletea kisukari wewe.”

Vaileth hajiulizi mara mbili, anapanda garini kwenda kupakia. Anasema ataendelea kuleta soda mpaka wachoke kunywa, na ameshaanza kukusanya saini kijijini kuomba matuta pale alipogongwa Magdalena.

“Siku mama yangu atakapovuka pale bila kungoja dereva mwenye huruma,” anasema akifunga mlango, “nitawanunulia soda kijiwe kizima, na siku hiyo sitakuwa na kosa.”