Bibi Anwani hapokei fomu isiyosema mgonjwa anaishi wapi

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, kisanduku cha barafu kinatua juu ya meza ya maabara. Dereva wa pikipiki aliyekileta hajavua hata helmeti.

"Shikamoo, Bibi Anwani. Leo usinirudishe, nakuomba."

"Marahaba. Nikikurudisha si mimi, ni karatasi yako."

Mwanamke huyo wa miaka hamsini na minne anavaa glavu na kutoa kichupa kimoja cha choo chepesi, cheupe kama maji ya mchele. Kabla hajakifungua anasoma fomu. Jina lipo. Umri upo, miaka thelathini na mmoja. Kwenye mstari wa mahali mgonjwa anapoishi, mtu ameandika neno moja: Zahanati.

Anasonya.

"Huyu mama anaishi zahanati? Analala juu ya mizani ya watoto?"

Dereva anacheka. Yeye hacheki.

Huu ni mwaka wake wa ishirini na sita akiwa mtaalamu wa maabara katika hospitali ya wilaya. Chumba chake kina darubini mbili, moja nzima, na jokofu ambalo mlango wake unashikiliwa kwa mpira wa baiskeli. Zahanati kumi na tisa huleta sampuli hapa. Wauguzi wa huko ndio waliombandika jina la Bibi Anwani, wengine kwa mapenzi, wengine kwa kuchoka naye.

Ukutani, juu ya sinki, kuna kanuni. Inasema maabara ikipata dalili ya kipindupindu, surua, homa ya uti wa mgongo au ugonjwa mwingine wa kuambukiza ulio kwenye orodha, imjulishe afisa ufuatiliaji wa magonjwa ndani ya saa ishirini na nne. Itaje umri, jinsia, tarehe ya sampuli na mahali mgonjwa anapoishi. Maabara yenyewe ipeleke taarifa yake, na daktari naye apeleke yake.

"Taarifa mbili za mgonjwa mmoja ni kero ndogo," anasema. "Ikikosekana hata moja, ni makaburi."

Kanuni ni nzuri. Lakini katika ofisi zetu kanuni hutundikwa kama picha ya harusi: kila anayeingia anaiona, hakuna anayeiangalia. Kinachotawala ni mazoea. Na mazoea ya hospitali hii, kwa miaka mingi, yalikuwa fomu kuingia kwenye trei ya mganga mkuu na kusubiri sahihi. Mganga mkuu yuko kikaoni. Kikao kina chai. Kijidudu hakinywi chai.

Baada ya dakika kumi na tano kipimo cha haraka kinaonyesha mistari miwili. Ni kipindupindu, mpaka kithibitishwe vinginevyo. Sasa anahitaji kujua huyu mama anaishi wapi, na ana sababu ya kutokubali kubahatisha.

Miaka kumi na moja iliyopita, fomu zilikuja hapa mstari huo ukiwa mtupu. Yeye akawa anaujaza kwa jina la zahanati iliyoleta sampuli. Wenzake wote walifanya hivyo.

"Pengo lilikuwa linaniudhi," anasema. "Nikaliziba. Nilijiona nadhifu."

Ndani ya siku tatu wagonjwa tisa wakaonekana wanatoka sehemu moja. Watu wa afya wakaenda, wakatia klorini kisima cha jirani na zahanati, wakapiga picha, wakarudi. Kisima kile hakikuwa na kosa. Wagonjwa walikuwa vibarua wa ng'ambo ya bonde, kilomita nne kutoka pale, na waliendelea kunywa maji yao yale yale. Zilipita siku sita kabla mtu hajauliza. Waliougua walikuwa arobaini na mmoja. Waliokufa, sita.

"Wa tano alikuwa wifi yangu," anasema, akitazama mikono yake. "Nilimwandika mwenyewe kwenye daftari. Nikaandika Zahanati. Wifi yangu, mtu ambaye mlango wake nilijua unavyolia ukifunguliwa."

Tume iliundwa. Ilikaa wiki tatu, ikapendekeza semina. Semina ilifanyika mara moja, yakagawiwa mabegi na kalamu. Wengi waliokalia viti vya tume ile wamekwisha kupanda vyeo. Wale sita hawajapanda popote.

Ndiyo maana asubuhi hii anapiga simu zahanati kabla hajavua glavu ya mkono wa pili.

"Mama yangu, foleni imefika barabarani," muuguzi anajitetea. "Na mgonjwa wako ana dripu mkono huu na huu."

"Masikioni je, ana dripu?"

Muuguzi anacheka.

"Haya, nimwulize anaishi wapi?"

"Usimwulize hivyo, mwanangu. Atakutajia alikozaliwa babu yake. Mwulize jana jioni alichota maji wapi, na nani alilala naye nyumba moja."

Simu inasogezwa kitandani. Sauti ya mgonjwa inatoka kwa shida: pampu ya nyuma ya ghala la magunia. Wote pale wanachota hapo.

"Wote ni wangapi?"

"Milango thelathini na ushei." Anapumzika kidogo. "Jirani yangu naye anaendesha. Na mwanawe."

Wanawake wa milango hiyo hufanya kazi ya kushona na kupanga magunia. Hutoka saa kumi alasiri na kwenda moja kwa moja kwenye pampu na ndoo. Bibi Anwani anatazama saa ya ukutani, anampigia afisa ufuatiliaji.

"Mganga mkuu amesaini?" afisa anauliza.

"Yuko kikaoni."

"Basi tumsubiri, mama. Unawajua wakubwa."

"Mdogo wangu, mganga mkuu namheshimu. Lakini hiki kijidudu hakikuajiriwa chini yake. Kanuni haisemi maabara isubiri sahihi. Nikusomee?"

"Usinisomee, naijua."

"Basi andika. Saa mbili na dakika kumi na saba nimekupa taarifa. Umeandika?"

"Bibi Anwani, utaniponza."

"Nikuponze wewe leo, wapone wao kesho. Umeandika?"

Ameandika.

Mchezo huu umemgharimu. Kwenye faili lake kuna barua mbili za kumtaka ajieleze, zote kutoka kwa mganga mkuu aliyepita, zote kwa kosa la kuruka ngazi. Hazikanushi. "Niliruka, ndiyo. Nyumba ikiungua, nani anashuka ngazi moja moja?"

Saa tano, fundi wa idara ya maji anafungua mpini wa pampu na kuondoka nao kwenye mfuko. Wahudumu wa afya wanagonga mlango kwa mlango, wanagawa dawa ya kutibu maji na kukuta wengine saba wanaharisha. Saa tisa gari la maji safi linafika. Saa kumi, wanawake wanatokea na ndoo zao.

"Mpini umeibiwa?" mmoja anafoka.

"Umelazwa," anamjibu mhudumu. "Pampu ni mgonjwa, dada. Choteni kwenye gari."

"Miaka yote hatukuletewa gari, leo tumependwa na nani?"

Swali zuri, na wenye kupanga bajeti wangelijibu wakithubutu. Lakini siku hiyo jibu lilikuwa na jina la utani na koti jeupe lililopauka. Alasiri ile hakuna ndoo hata moja iliyojazwa kwenye ile pampu.

Kesho yake asubuhi, kwenye kisahani cha kuoteshea vijidudu, madoa ya njano ya kipindupindu yanang'aa. Maabara ya rufaa inathibitisha. Wiki mbili baadaye hesabu inafungwa: wagonjwa kumi na wawili, wote wamerudi nyumbani kwa miguu yao. Bomba la pampu, lililopasuka kando ya shimo la choo, limechimbuliwa na kuzibwa.

Mganga mkuu alishuka maabara mwenyewe. "Ungeniambia kwanza, mama."

"Nilikuambia, daktari. Nakala yako iko kwenye trei, ya tatu kutoka juu."

Alikwenda kuangalia, akaikuta. Siku hiyo hiyo akatoa agizo la maandishi: maabara ipige simu kwanza, trei ifuate. Asishangiliwe sana. Kanuni ilikuwa inasema hivyo muda wote, juu ya sinki.

Bibi Anwani amebakiza miaka sita kustaafu, na hana mpango wa kuimaliza kimya kimya. Kila Jumamosi huenda zahanati moja, kwa miguu au kwa lifti ya pikipiki, kuwafundisha wauguzi yale maswali yake mawili. Amemaliza tano. Anataka zote kumi na tisa ziwe zimefikiwa kabla ya mvua.

Aliomba pia fomu iongezwe mstari wa mahali mgonjwa anapochota maji. Wakubwa walimjibu kwa heshima kwamba wazo ni zuri, ila stoo kuna fomu elfu kumi zilizokwisha kuchapwa, lazima ziishe kwanza.

Hakubishana. Alikwenda kwa mchonga mihuri wa sokoni, akachongewa mmoja wenye maneno matatu: Umechota maji wapi? Mganga mkuu ameuridhia. Mchana huu bunda la fomu liko mbele yake, naye anagonga moja baada ya nyingine, wino ukimchafua kidole gumba.

"Wanapenda mihuri, si ndiyo?" anasema bila kuinua uso. "Nimefika mia nane. Zikitumika zote elfu kumi, hakuna muuguzi atakayekuwa amesahau kuuliza. Hapo hata mimi nikiondoka, watu wa ng'ambo ya bonde watapatikana siku ya kwanza."

Anavuta fomu nyingine.